Laptopu Iliyonenepa

Katika duka la Mzee Ratili hakuna kitu kilichoingia bila kupimwa. Nyama ya sokoni ilipitia pale kabla ya kufika jikoni. Watoto wachanga wa mtaa mzima waliletwa wakalazwa kwenye sahani ya mizani, wakalia, wakapewa namba yao, wakaondoka. Hata mchumba wa binti yake mkubwa, siku aliyokuja kujitambulisha akiwa ndani ya suti ya kuazima, aliambiwa apande kwanza kwenye mizani ya magunia. Mzee akavaa miwani, akasoma, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Mwili umo," alisema. "Akili tutaipima baadaye."

Alikuwa fundi wa mizani, na muuzaji wa mizani: za bucha, za duka la dawa, za ghala. Jina la Ratili alipewa na mtaa kwa ajili ya yale mawe ya zamani ya kupimia ratili aliyoyapanga dirishani, makubwa hadi madogo, kama familia iliyokaa kupigwa picha. Duka lilinuka mafuta ya mashine na unga wa shaba, na ukiketi kwenye benchi la wateja unainuka na suruali inayong'aa.

Binti yake kitindamimba ndiye aliyebaki naye dukani. Alikuwa amerithi jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo mzee alimwita "mama", isipokuwa alipotaka kumchokoza. Hapo alimwita Meneja.

Umeneja ulianza na laptopu. Ile ya kwanza aliyokuwa nayo binti ilikuwa nzito kama tofali, na feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga. Siku moja alikuwa akimweleza mkuu wa hospitali fulani habari za mizani ya watoto, mkuu akamwomba azime hicho kitu ili wasikilizane. Binti alirudi nyumbani uso umemshuka. Akajinyima, akajibana, hata akaacha kusuka nywele kwa muda, mpaka akaipata aliyoitaka: laptopu ya watu wa vikao, ya kijivu, nyembamba kama jalada la kitabu, kioo angavu, betri ya kukaa kutwa. Ukiinua mfuniko kwa kidole kimoja, unafunguka wenyewe taratibu kama mlango wa benki. Muuzaji alimkabidhi akiwa ameishika kwa vidole viwili, kama mtu anayekupa kipande cha keki.

Ilipofika dukani, mzee aliizunguka kwanza.

"Hiki ni kitu, au ni picha ya kitu?"

"Baba, usianze."

"Sijaanza. Lete kwenye mizani."

Ikapimwa, pamoja na kava lake gumu la plastiki. Kilo moja na gramu sabini. Mzee akavua miwani.

"Mwanangu, umenunua kitu cha bei ya ng'ombe chenye uzito wa kuku."

"Siku hizi kadiri kinavyokuwa chepesi ndivyo bei inavyopanda."

"Basi ungengoja kidogo tu wakuuzie hewa tupu."

Binti alicheka naye, kwa kuwa kutocheka na mzee kulikuwa kazi kubwa kuliko kucheka. Lakini haukupita muda wepesi ule ukamtia aibu. Alikwenda kwenye hoteli moja kuonana na msimamizi wa stoo. Akaketi, akakunja nne, akafungua zipu ya begi kwa madaha. Mkono ukaingia, ukakuta chaja. Ukaenda kona ya pili, ukakuta kitana. Msimamizi alitazama, mkono ukizunguka humo ndani kama wa mtu anayetafuta samaki kwenye maji machafu. Laptopu haikuwemo. Alikuwa ametembea njia nzima na begi tupu begani bila kujua, maana begi lenye laptopu ile na begi lisilo nayo yalikuwa sawasawa.

Alipoirudia dukani aliikuta mezani, juu yake kikombe cha chai cha baba yake.

"Nilidhani ni sinia," alisema mzee, uso mkavu.

"Ulijua nimeisahau! Ungenipigia simu!"

"Nilitaka kuona utarudi saa ngapi, Meneja. Wewe hujui kama umebeba au hukubeba. Mwizi akikutolea hiyo begini utamshukuru kwa kukupisha njia."

Alirudia maneno hayo kwa kila mteja, kwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, kwa mama mkwe wa fundi viatu. Binti alijikaza kisabuni.

Hali ilibadilika pale muuza magodoro alipoanza kuja. Duka lake lilipakana na lao, na magodoro yalikuwa yamemjaa hadi kwenye kibaraza. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya usingizi usingizi, na kila alipokuja aliugusa ukuta wa katikati kwa kiganja kama anayepapasa shavu la mtoto.

"Mzee, ukichoka tu," alikuwa akisema. "Ukichoka tu, niambie."

Na mzee alikuwa amechoka. Macho yalikuwa yanamsumbua, na vidole havikushika tena bisibisi ndogo kama zamani. Jioni moja, binti akifagia, mzee alisema bila mzaha hata chembe:

"Mama, sikiliza. Kiwanda cha mikate kinatafuta mizani, za kutosha meza nzima ya wakata madonge ya unga. Nenda wewe. Ukiwapata, duka ni lako, uliendeshe upendavyo, mimi sina neno. Ukiwakosa, namkodishia jirani aweke magodoro yake. Sitaki uzeekee hapa ukisubiri mteja wa bucha."

Binti alisimama na ufagio mkononi. Alikuwa amekulia chini ya meza ile. Alijifunza kuhesabu kwa mawe ya dirishani. Lakini alijua pia kwamba baba yake akiongea bila kutania, basi ameshaamua.

"Sawa, baba," alisema. Akaendelea kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Kiwanda kilikuwa cha mwanamke aliyeitwa Mama Hamira. Hakuna aliyemwita vinginevyo, hata kibao cha getini. Alikuwa mnene, mwenye mikono ya mtu aliyekanda unga ujana wake wote, na nyusi zilizoingiwa na unga ukakataa kutoka. Ofisi yake ilikuwa chumba cha vioo katikati ya kiwanda. Upande mmoja unaona tanuri, upande mwingine unaona wakata madonge wamepanga mstari, wakikata na kutupia, kukata na kutupia. Pembeni yake alisimama mhasibu wake, mwembamba, kalamu mbili mfukoni, uso wa mtu aliyekwisha kusema hapana ila hajaulizwa bado.

Binti alitua sanduku la mizani ya mfano mezani, akatua begi, akaamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Keti. Nakuambia mapema ili tusipotezeane muda. Wauza mizani siwapendi. Wa kwanza aliniuzia mizani inayopima mikate mikubwa asubuhi na midogo jioni. Wateja wa jioni wakaniita mwizi. Wa pili alikuja mwezi uliopita, huyo sitaki hata kumtaja. Haya, niambie."

Laptopu ilikuwemo begini safari hii, binti alikuwa amehakikisha kwa macho. Akaifungua. Ikawaka mara moja, bila mngurumo, na picha zikatoka safi. Akaeleza mizani inavyofanya kazi kwenye joto, inavyosafishwa unga ukiingia, mkate mmoja ukizidi kidogo kiwanda kinapoteza nini kwa mwaka. Mhasibu alianza kuinamia kioo bila kutaka.

"Kakitu kazuri," alisema. "Kepesi?"

"Kepesi sana."

"Funga hiyo sinema," alisema Mama Hamira. "Mimi sinunui picha. Pima kitu."

"Nikupimie nini, mama?"

"Kitu ambacho wewe unakijua uzito wake na mimi sikijui. Useme kwanza kwa mdomo wako, kisha mizani iseme. Nione kama mnaelewana."

Binti alitazama huku na huku. Kila kilichokuwamo ofisini kilikuwa cha wenyewe. Kisha akaiangalia laptopu, na moyo ukamtulia, maana alikuwa ameipima kwa mkono wake, kwa mizani hii hii, waliyoirekebisha na baba yake jana kwa mawe ya kupimia. Akaifunga, akaiinua kwa fahari.

"Hii, pamoja na kava lake, ni kilo moja na gramu sabini."

Akailaza kwenye sahani. Namba zikakimbia, zikasita, zikasimama.

Kilo moja na gramu mia mbili na kumi.

Nje, tanuri lilikuwa linanguruma. Mle ndani mhasibu alichomoa kalamu moja, akairudisha.

"Hamwelewani," alisema.

"Haijatulia," alisema binti. Akaiinua laptopu, akangoja sifuri, akailaza tena. Mia mbili na kumi. Akajaribu upande mwingine wa meza. Mia mbili na kumi, kama mtu mkaidi anayerudia ushahidi wake mahakamani.

Jasho jembamba lilimtoka. Hapo ndipo alipokumbuka kidole gumba.

Ulikuwa ujanja wa zamani, na baba yake alimfundisha tangu utotoni ili awakamate wanaoutumia. Unaondoa kitu kwenye sahani, unaikandamiza kidogo kwa gumba kama unayeifuta vumbi, na papo hapo unabonyeza kitufe cha sifuri. Mizani inadhani uzito wa kidole chako ndio mwanzo wa hesabu. Ukitoa kidole, itapunguza kila kitu kwa kiasi hicho. Mwenye mkono uliozoea anaweza kupunguza gramu anazotaka, na binti alikuwa na mkono uliozoea. Tayari laptopu ilikuwa mkononi. Tayari gumba lilikuwa ukingoni mwa sahani. Angesema "samahani, vumbi," na namba ingetoka sabini safi, na duka lingebaki.

Aliliangalia gumba lake. Akaliondoa, akaupeleka mkono wote nyuma ya mgongo.

"Mama," alisema, "mizani iko sawa. Laptopu ndiyo imeongezeka."

Mhasibu aliangua kicheko. "Imeongezeka! Imekula nini njiani?"

Wakata madonge wawili waliokuwa karibu na mlango wakacheka pia, ingawa hawakujua wanacheka nini.

"Sijui imekula nini. Lakini kati ya mdomo wangu na mizani hii, iamini mizani."

"Unajua unachosema?" aliuliza Mama Hamira. "Unakuja kuniuzia kitu, halafu unaniambia wewe ndiye muongo?"

"Ndiyo, mama. Leo ni mimi."

Alisema hivyo huku kichwa kikienda mbio, na kichwa kikafika asubuhi ile. Alimwona baba yake anaipangusa laptopu kwa kitambaa, kwa upole usio wa kawaida, huku akipiga mluzi. Mzee Ratili akipiga mluzi, watu wa nyumbani kwake walikung'uta viatu kabla ya kuvivaa.

"Nipeni dakika," alisema. Akaigeuza laptopu, akapenyeza kucha kwenye ukingo wa kava la chini, akalibandua. Kati ya kava na laptopu kikateleza kipande cha bati la shaba, kikaanguka mezani na kulia. Kilikuwa kimekatwa vizuri, pembe zimeviringwa, kimetobolewa matundu palepale hewa inapopita. Katikati kimechongwa herufi kubwa nne: NIMO.

Wote wakakitazama.

"Nani huyo?" aliuliza mhasibu.

"Baba yangu," alisema binti, na macho yakamjaa maji, asijue ni ya hasira au ya nini.

"Mpigie simu," alisema Mama Hamira. "Na iweke sauti tusikie."

Simu iliita mara moja tu. Mzee alikuwa amekaa mkao wa kula.

"Haloo, Meneja! Umefika na laptopu au umefika na begi?"

"Baba, umeniwekea nini?"

"Umegundua sasa hivi? Umebeba shaba mji mzima hukuhisi? Mimi nilitaka bega lishtuke, lijue kuna kitu humo! Kumbe bega lenyewe limekufa ganzi!"

"Baba, niko mbele ya mteja."

Ukasikika mlio wa kitu kikidondoka huko dukani.

"Mteja anasikia?" aliuliza mzee kwa sauti ndogo.

"Anasikia," alisema Mama Hamira.

"Shikamoo mama!"

"Usiniamkie, mzee, hunizidi umri wewe? Niambie. Hii shaba uzito wake kiasi gani? Sema kabla hatujaipima."

"Mia na arobaini. Ilizidi kidogo, nikatoboa hayo matundu ili mashine ipumue."

Binti alikiweka kipande kwenye sahani. Mia na arobaini. Akakiondoa, akaweka laptopu na kava lake. Kilo moja na gramu sabini. Mama Hamira akasogea, akaegemeza mikono yake mezani, akazisoma namba kama anayesoma barua ya mtoto aliye mbali.

"Mchezo wa kupanga huu," alisema mhasibu. "Baba na binti wamekaa wakapanga, bosi. Wanatuonyesha mazingaombwe. Kesho watatutolea sungura."

Hilo binti hakuwa amelifikiria, na alipolifikiria aliona lina akili.

"Mwangalie paji la uso," alisema Mama Hamira. "Jasho lile limepangwa?"

"Jasho si ushahidi, bosi."

"Basi nikupe ushahidi. Wewe ulikuwa unatazama namba. Mimi nilikuwa natazama kidole chake gumba." Akamgeukia binti. "Yule wa mwezi uliopita, niliyesema sitaki kumtaja, naye mizani ilimkataa hapa hapa. Akaipangusa vumbi. Mezani kwangu! Mimi nafuta meza hii kila saa. Wewe gumba lako lilifika pale pale lilipofika lake. Nikasema moyoni, haya, mwingine huyu. Kisha ukalirudisha nyumbani."

Binti aliona uso unamwaka moto. "Nililifikiria, mama."

"Najua. Nami ningelifikiria." Akamwashiria mhasibu. "Andika. Meza nzima. Zote."

Mhasibu akachomoa kalamu. Safari hii alichomoa zote mbili.

"Ila nina sharti," aliendelea Mama Hamira, akaisogelea simu. "Mzee, unanisikia?"

"Vizuri kabisa, mama!"

"Mizani zikiharibika atakuja binti yako. Wewe usikanyage kiwanda changu. Utanitilia shaba kwenye mikate."

"Lakini mama, fundi ni mimi!"

"Ulikuwa," alisema Mama Hamira, akaikata simu kwa kidole chenye unga. Kisha akakichukua kile kipande cha shaba, akakigeuza geuza, akakitia mfukoni mwa aproni bila kuuliza.

Binti aliporudi alimkuta muuza magodoro ndani ya duka, futi ya kupimia mkononi, anapima ukuta wa katikati. Mzee alikuwa amemshikia upande wa pili.

"Baba! Hujasikia kwa masikio yako?"

"Nimesikia. Lakini huyu alikwishafika na futi yake, nikaona aibu kumfukuza. Tumepima tu. Kupima si dhambi."

"Hongera, mwanangu," alisema muuza magodoro kwa sauti yake ya usingizi. Akaikunja futi, akaupapasa ukuta kwa mara ya mwisho, akaenda zake.

Mzee alitoa funguo mfukoni. Zilikuwa tatu kwenye kamba ya kiatu: ya mlango, ya kabati na ya sanduku la mawe ya kupimia. Hakuzitoa haraka. Alizipima kwanza kiganjani, juu chini, juu chini, midomo ikitikisika kana kwamba anahesabu. Kisha akazilaza mezani upande wa binti, akazunguka meza, akaenda kuketi kwenye benchi la wateja, mahali ambapo binti hakuwahi kumwona ameketi.

"Samahani, Meneja," alisema. "Nimesikia mna kazi nyingi. Hamna nafasi ya fundi?"

Binti alivuta kiti kilichokuwa cha baba yake. Kilikuwa kimebonyea katikati na hakikumtosha vizuri.

"Una uzoefu?"

"Kidogo."

"Kazi ya mwisho uliachaje?"

"Bosi alikuwa mtundu. Alitaka kuniua kwa kicheko."

"Na hapa utaacha utundu?"

Mzee aliinua macho darini, akafikiri kwa uaminifu kabisa.

"Hapana," alisema.

"Utaanza kesho. Saa mbili kamili. Ukichelewa nakukata mshahara."

"Saa mbili asubuhi! Mimi mzee mtu mzima! Huruma mna, nyie vijana?"

Alichelewa siku ya kwanza, makusudi, na akakatwa, naye akaenda kumsimulia fundi viatu jinsi alivyo na bosi katili. Alimfanyia kazi binti yake hadi mikono ilipokataa kabisa, na hata baada ya hapo alikuja kuketi benchini, suruali inang'aa unga wa shaba, akiwaambia wateja waseme na Meneja, yeye hana madaraka. Kila mwisho wa mwezi aliomba nyongeza ya mshahara. Binti alimnyima kila mara, na kila mara mzee alitoka nje akicheka peke yake barabarani.